MREJESHO: Mizani ya kupima mafuta mwilini, asubuhi 34%, jioni 31%

Niliuliza kwa nini mizani moja ya gym hapa Moshi inatoa namba mbili tofauti za mafuta siku moja. Asanteni, jibu nimelipata.

Mizani haipimi mafuta. Inapitisha umeme mdogo kutoka unyayo mmoja hadi mwingine na kupima ukinzani, yaani jinsi mwili unavyouzuia umeme huo. Yaliyobaki ni makadirio ya fomula. Maji yanapitisha umeme vizuri, mafuta hayapitishi vizuri. Ukisimama kutwa, maji hushukia miguuni, ukinzani unapungua, na mafuta "yanapungua". Tumbo, ambalo ndilo hasa linalotutia wasiwasi, umeme huo haulifikii sawasawa.

Ile namba ya umetaboli (nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika) inayoonyeshwa na mizani nayo ni hesabu tu. Kwa mwanamke: (kilo × 10) + (sentimita × 6.25) − (umri × 5) − 161. Kilo 72, sentimita 162, miaka 38 inatoa kama kalori 1,382 kwa siku. Kipimo halisi hupima hewa unayovuta na kutoa.

Pima asubuhi baada ya haja ndogo, kabla ya chai, nyayo safi zisizokauka sana, mizani ileile. Linganisha wastani wa wiki. Mwenye pesimeka (kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo) asiipande kabisa.