Naomba ushauri: mirija ya nyongo kuharibika baada ya ICU

Wakuu, mgonjwa alikaa wiki 3 kwenye mashine ya kupumulia, presha ikishikiliwa na noradrenalini. Mapafu yamepona, ila ALP na GGT (vimeng'enya vya damu vinavyopanda nyongo ikikwama) zinazidi kupanda. MRI inaonyesha mirija ya ndani ya ini imebanwa hapa na pale. Mrija mkuu ni mzima. Nashuku iskemia (tishu kukosa damu ya kutosha): mirija hii hulishwa na ateri ya ini pekee, damu ikipungua utando wake hufa, mabaki huganda na kuziba njia.

Kuyatoa mabaki hayo kwa endoskopi (mrija wenye kamera) hupunguza homa na manjano, hakuzuii sirosisi (ini kujaa makovu). Nyongo tumeiotesha maabara kutafuta bakteria (wale waitwao enterokoki hawasikii antibiotiki za sefalosporini).

Tathmini ya kupandikizwa ini mnaianza lini: maambukizi yakijirudia, au mnasubiri MELD (alama ya ukali wa ugonjwa wa ini) ipande? Kusubiri kunanitia wasiwasi.