Tupeane uzoefu: kukuza mshubiri na kutengeneza marhamu ya ngozi nyumbani

Ndugu wanajamvi, naomba tukusanye hapa uzoefu wa wale wanaopanda mshubiri (aloe vera) wenyewe na kuutumia katika marhamu ya ngozi, kwa sababu maelekezo mengi yanayosambazwa husema "changanya ute na mafuta" kisha huishia hapo, ilhali ugumu wote wa kazi hii umo katika maneno hayo manne. Ute wa mshubiri, yaani ile nyama angavu ya ndani ya jani, ni maji kwa takriban asilimia 98 au zaidi, na kwa maoni yangu anayeshindwa na mshubiri, iwe kwenye chungu au kwenye kopo, huwa ameshindwa na maji.

Naanza na upande wa chungu. Mimi hutumia vyungu vyenye matundu chini na udongo wenye mchanga mwingi, wala simwagilii mpaka nichomeke kidole na kukuta pakavu hadi ndani. Machipukizi yanayoota kandokando ya mmea mama huyatenga pamoja na mizizi yake, kisha huyaacha kivulini siku chache ili mkato ukauke kabla ya kuyapanda, kwani mkato mbichi kwenye udongo wenye unyevu huoza. Huvuna majani ya nje yaliyonenepa, nao mmea huendelea kukua kutoka katikati.

Mama Vyungu: Ahsante kwa mada. Naomba niongeze habari za utomvu wa njano, ambao wengi huupuuza. Uko kati ya ganda na ute, ni mchungu, una kiambata kiitwacho aloini, na huweza kuwasha ngozi. Nikikata jani hulisimamisha ndani ya bilauri, mkato ukielekea chini, kwa muda wa dakika 15 hivi, nao huchuruzika na kuacha doa la manjano chini ya bilauri. Baada ya hapo huliosha, hukata miiba ya pembeni, hubandua ganda la upande ulio bapa kwa kisu chembamba, kisha hukwangua ile nyama ya ndani iliyo angavu kama kioo. Kipande chenye hata chembe ya njano hukitupa. Nyumbani hunicheka kwa hilo, nami sijali.

Fundi Marhamu: Mimi sichanganyi ute na mafuta hata kidogo. Huyeyusha gramu 20 za nta ya nyuki ndani ya gramu 80 za mafuta, katika bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto, kisha hudondosha tone kwenye kijiko baridi ili kupima ugumu: likiwa laini mno huongeza nta, likiwa gumu huongeza mafuta. Wakati wa kutumia hupaka ute mbichi kwanza, na ukishakauka hupaka marhamu juu yake. Marhamu isiyo na maji hudumu miezi kadhaa, lakini iliyotiwa ute hujitenga, hutoa matone, na haichukui muda kuota ukungu. Wanaotegemea vitamini E waelewe kwamba inachelewesha mafuta kuchacha, haizuii ukungu.

Mjukuu wa Mganga: Natofautiana kidogo na Fundi. Mimi huchanganya, ila kiasi kidogo sana, kwa kupiga mchanganyiko bila kukoma unapopoa, na kopo hukaa kwenye friji na kumalizwa ndani ya wiki moja. Yeyote anayejaribu kwa mara ya kwanza apake kidogo upande wa ndani wa mkono na kusubiri saa 24. Kidonda kirefu au moto uliounguza sana si mambo ya marhamu ya nyumbani. Hayo ni ya hospitali.

Mwanzisha mada: Nawashukuru. Kuna aliyeniuliza faraghani kama jani lililokaushwa linaweza kulowekwa kwenye mafuta. Sioni faida yake, kwa kuwa viambata vikuu vya ute huyeyuka katika maji, havihamii kwenye mafuta. Anayetaka kuloweka mmea ni afadhali atumie maua ya kalendula, mradi yawe yamekauka kabisa.