Mji wa ukubwa wa kati: tuupime kwa kodi ya nyumba au kwa jioni ya siku ya kazi?

MLETA MADA

Wakuu, habari za wakati huu.

Naleta hoja ambayo najua wengi hamtaikubali. Mtu akitaka kuondoka jiji kubwa kwenda mji wa ukubwa wa kati, kitu cha kwanza anachouliza ni kodi ya nyumba. Akisikia ni nusu ya anayolipa sasa, hesabu imekwisha, anafunga mizigo. Mimi nasema hilo liwe swali la mwisho. La kwanza liwe hili: jioni ya siku ya kazi, mfukoni huna kitu cha ziada, utakwenda wapi kwa miguu ukapumzike na watu?

Pesa ni pesa, sibishani na hilo. Ninachodai ni kwamba burudani imo ndani ya hesabu ya gharama tangu mstari wa kwanza. Mji usio na mahali pa kukaa bure unakutoza kila unapotaka kupumzika: kiingilio, usafiri, hata kiti cha kukalia. Na mji usio na burudani kabisa utakurudisha jiji kubwa kila mwisho wa mwezi. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na pa kulala, dalali hakukutajia wakati anakuonyesha nyumba.

Nikisema ukubwa wa kati nina maana ya kiwango walichowahi kutumia OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea: mji pamoja na vitongoji vinavyoutegemea, jumla watu 200,000 hadi 500,000. Ukubwa huu una tabia yake. Mwanajiografia Mjerumani Walter Christaller alieleza mwaka 1933 kwamba kila huduma inahitaji idadi fulani ya wateja ndipo iweze kusimama. Kinyozi anatosheka na mtaa mmoja. Daktari bingwa wa moyo, uwanja wa ndege wenye safari za kila siku, ukumbi wa maonyesho wenye ratiba ya mwaka mzima, hivyo vinataka watu wengi mno. Mji wa kati una baadhi ya hivyo vikubwa na vingine hauna, na huwezi kujua ni vipi kwa kuangalia idadi ya watu peke yake. Mmoja una chuo kikuu, kwa hiyo una maktaba, mihadhara ya wazi, mechi na muziki. Mwingine wa ukubwa uleule unategemea kiwanda kimoja, na jua likizama mitaa inafunga. Kodi zao zinaweza kulingana kabisa.

Msitegemee sana orodha za kimataifa. Ile ya taasisi ya utafiti ya Economist Intelligence Unit ya miji inayofaa kuishi inapima utulivu, afya, utamaduni na mazingira, elimu na miundombinu. Gharama ya maisha haimo. Ile ya kampuni ya ushauri ya Mercer inalinganisha bei za bidhaa na huduma zaidi ya 200, New York ikiwa kipimo, na ilitengenezwa kwa ajili ya makampuni yanayopeleka wafanyakazi nje ya nchi. Tovuti ya Numbeo, ya kulinganisha gharama za maisha, inajazwa bei na watumiaji wenyewe, kwa hiyo mji wenye wachangiaji wachache unaweza kupewa sura na watu wa mtaa mmoja wenye kipato kizuri. Hakuna hata moja iliyojengwa kwa kumfikiria mpangaji wa kawaida wa mji wa kati.

Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, kwa heshima zote, napinga.

Kodi inadaiwa kila mwezi, uwe umefurahi au umenuna. Mwezi ukiwa mgumu burudani unaiacha, mwenye nyumba humwachi. Mtu aliyebanwa na kodi hiyo jioni unayoizungumzia hana, kwa sababu jioni yake yuko kwenye kibarua cha pili. Mpunguzie kodi umrudishie muda, na mtu mwenye muda burudani ataitafuta mwenyewe. Wape vijana mpira mmoja uone kama watakuuliza manispaa imepanga nini.

Na kipimo kipo. Marekani waliweka mwaka 1969 kwamba mpangaji wa nyumba za umma asilipe kodi zaidi ya asilimia 25 ya kipato chake, mwaka 1981 wakapandisha hadi 30, na mpaka leo watu wanatumia hiyo 30. Ukipata mji ambao kodi haivuki hapo kwa mshahara wako, hama. Mengine utayakuta hukohuko.

MLETA MADA

Ndugu yangu, hoja ya muda naichukua, tena ndiyo inayonipa nguvu. Tatizo la hiyo asilimia 30 ni kwamba inahesabu nyumba tu. Watafiti wa Center for Neighborhood Technology ya Chicago waliliona hilo, wakajumlisha nyumba na usafiri pamoja na kuweka kikomo cha asilimia 45. Nyumba ikiwa rahisi kwa sababu iko mbali na kila kitu, tofauti unailipa barabarani, kwa pesa na kwa saa. Wachumi Bruno Frey na Alois Stutzer walichunguza takwimu za Ujerumani. Nadharia ya uchumi ilitarajia kwamba anayesafiri mbali kwenda kazini anafidiwa, ama kwa mshahara mzuri ama kwa nyumba nafuu. Wakakuta hafidiwi: kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo watu wanavyosema hawaridhiki na maisha yao. Sasa huo muda uliomrudishia kwa kodi nafuu umeishia wapi?

Kuhusu mpira. Nilikwenda kukagua mji mmoja, kodi nzuri sana, dalali ananionyesha marumaru na nafasi ya kuegesha gari. Nikamuuliza watoto wanacheza wapi, akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara: uwanja huo hapo. Nikavuka. Uzio wa waya, geti lina kufuli, na kando ya geti kibao kinachosema uwanja unakodishwa kwa saa. Ndani nyasi zimefika magotini. Nje ya uzio, kati ya mtaro na lami, watoto wanacheza kwenye kokoto. Magoli yao ni mawe, na kila gari likipita anayedaka anapiga kelele, wote wanakimbilia ukingoni wakisubiri, kisha wanaanza tena. Mpira walikuwa nao, mkuu. Na ukifungua ramani ya mji ule, uwanja umepakwa rangi ya kijani.

MCHANGIAJI WA PILI

Kaka zangu, mnaizungumzia jioni kana kwamba ni ya wote.

Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, linapendekeza kila mkaaji awe na eneo la kijani la angalau nusu hekta ndani ya mita 300 kutoka kwake. Vizuri. Lakini bustani yenye taa zilizoungua, kwangu mimi inafungwa jua likizama, hata kama geti liko wazi. Mwanamke akikosa bustani salama atalipia mahali penye mlinzi, au atakaa ndani. Kwa hiyo mji uleule ni nafuu kwa mume na ghali kwa mke.

Kingine ambacho sijawahi kuona mtu akikitaja ni choo cha umma. Angalieni mzee au mama mwenye mtoto mdogo anakaa muda gani mahali pasipo na choo. Anakuja, anatazama, anaondoka. Maktaba yenye choo safi na viti inamfaa mtu wa namna hiyo kuliko tamasha kubwa la mara moja kwa mwaka ambalo manispaa inalitangaza kila kona. Mimi nikikagua mji natazama wanawake wanaotembea peke yao giza likishaingia, na wazee waliokaa nje bila kununua chochote. Wakiwepo, naanza kuuliza kodi.

MCHANGIAJI WA TATU

Nimewasoma wote. Niongeze jambo la kiuchumi ambalo naona linarukwa.

Wachumi Sherwin Rosen mwaka 1979 na Jennifer Roback mwaka 1982 walionyesha kwamba mvuto wa mji huwa umeshaingia kwenye kodi na kwenye mishahara. Mahali panapopendwa watu hukubali kulipa kodi kubwa, au kupokea mshahara mdogo, ili mradi wakae hapo. Kwa hiyo ukikuta mji wenye kodi ya chini kuliko miji mingine inayofanana nao, uliza ni nini wenzako wamekikataa. Inaweza kuwa maji ya mgao, kazi haba au hewa mbaya. Pita mitaani utazame paa: kila nyumba ikiwa na tangi na kila duka lina jenereta mlangoni, hizo ni gharama ambazo hazimo kwenye kodi na utazibeba wewe.

Kuna na sababu nyingine, waliyoieleza wachumi Edward Glaeser na Joseph Gyourko mwaka 2005. Nyumba inadumu miaka mingi kuliko ajira. Watu wakianza kuhama mji, nyumba zinabaki, bei inashuka, na kodi inaonekana kama neema. Mji unaopungua watu na mji unaojenga nyumba kwa kasi unaweza kukupa bei ileile, lakini wa kwanza utapoteza njia za basi, sinema na madaktari wake, wa pili utaviongeza. Hivyo kabla ya kuuliza bei ya leo, tafuta sensa mbili za mwisho ulinganishe.

MLETA MADA

Dada, hiyo ya choo imenigusa, na naona inafaa kuliko vipimo vingi vya wataalamu.

Mchangiaji wa tatu, nakubali nadharia hiyo kwa wastani wa watu wengi. Ila mvuto unaoingia kwenye kodi ni ule unaoonekana kwa mbali, na watu hukosea sana kukadiria kitakachowafurahisha. Watafiti David Schkade na Daniel Kahneman mwaka 1998 waliwahoji wanafunzi wa California na wa majimbo ya katikati ya Marekani. Pande zote mbili ziliamini watu wa California wanaridhika zaidi na maisha, hali ya hewa ikiwa sababu mojawapo. Kiwango halisi cha kuridhika walichokitaja wenyewe kilikuwa karibu sawa. Mtu anaona ufuo, anasahau kwamba wiki nzima atakuwa ofisini. Na hapo ndipo penye nafasi ya mpangaji makini: vile vitu vidogo vya kila siku, njia ya miguu yenye kivuli, maktaba inayofunguliwa baada ya saa za kazi, basi la mwisho linaloondoka saa ngapi, havipo kwenye picha za utalii na mara nyingi havijapandisha kodi bado.

Ndiyo maana nashauri watu wasiukague mji siku ya sikukuu wala mwisho wa wiki. Nenda katikati ya wiki. Simama mlangoni pa nyumba unayofikiria kuipanga saa ambayo ungekuwa unatoka kazini, uanze kutembea. Usipande gari. Kinachokuzuia, iwe giza, mtaro usiofunikwa au barabara isiyo na kivuko, kitakuzuia kila siku utakayoishi hapo. Ukifika mahali penye watu, kaa mpaka mtu akuulize unanunua nini. Asipokuja mtu kukuuliza, mahali hapo pana thamani ambayo hakuna mkataba wa pango utakaoiandika. Halafu rudi kwa basi, na andika nauli uliyolipa na muda uliosubiri kituoni.

Ukishafanya hivyo, kaa na karatasi uweke kodi, maji na umeme, nauli ya wiki nzima, na nauli ya kwenda jiji kubwa kwa vile ambavyo mji hauna. Pigia mstari upate jumla. Kuna nyumba nyingi za bei ya chini ambazo hazivuki mtihani huo.

MCHANGIAJI WA NNE

Mimi ni mwenyeji wa mji wa aina hiyo mnayoijadili. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu mgeni anakuja na mshahara wa jiji kubwa, anafanya kazi kwa intaneti, na mwenye nyumba akishamwona anapandisha kodi ya mtaa mzima. Mnapopima unafuu, mnaupima kwa mshahara wa nani?

MLETA MADA

Ndugu mwenyeji, swali lako ndilo lilipaswa kuwa la pili baada ya langu. Upimwe kwa mshahara unaolipwa palepale mjini, hata kwa yule anayelipwa kutoka nje, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni haki: mji ambao mwalimu wake na muuguzi wake hawawezi kupanga nyumba karibu na kazi zao sioni kwa nini tuuite nafuu. Ya pili inamhusu mgeni mwenyewe. Kazi ya intaneti inaweza kukatika mwezi wowote, na mji wa kati hauna waajiri wengi wa kubisha hodi. Fani yako inaweza kuwa na mwajiri mmoja tu, au asiwepo kabisa. Siku hiyo mshahara wa palepale ndio utakaokuwa wako.

Na kuhusu kodi kupanda, naona mgeni anao wajibu. Asikubali bei ya kwanza anayotajiwa kwa kuwa tu ni ndogo kuliko ya alikotoka. Aulize majirani wanalipa ngapi, na aulize mbele ya dalali.

Mchangiaji wa kwanza, nakurudia wewe uliyesema mengine mtu atayakuta hukohuko: mtu amehama kwa sababu ya kodi, kazi imekatika, mwajiri wa pili hayupo, na akiba yote ameitumia kwenye amana ya nyumba na lori la mizigo. Unamshauri nini?