Naomba ushauri: gitaa kavu lisikike la joto na safi kwenye nyimbo taratibu

Habari zenu wakuu. Narekodi nyimbo taratibu chumbani, mwimbaji mmoja na gitaa kavu tu, na sauti ya gitaa imenishinda.

Nina maiki moja ya kondensa. Mwanzo niliielekeza kwenye tundu la gitaa, ikawa ngurumo tupu. Nikigusa uzi wa sita (ule mnene kuliko wote), mwimbaji anamezwa. Nikaisogeza kwenye freti ya 12 (kile kipande cha chuma cha 12 kwenye shingo ya gitaa), umbali wa sentimita 30 hivi. Ngurumo ilipungua, ila sasa kila nikitoka kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya C kwenda G vidole vinakwaruza nyuzi kwii, na kwenye wimbo wa polepole hakuna pa kuficha hilo.

Nimeshajaribu kuchomeka waya moja kwa moja (inasikika kama plastiki, sirudi tena huko), kukata besi chini ya hezi 80 (hezi ni kipimo cha wembamba au uzito wa sauti), na kupunguza kwenye hezi 200 hadi gitaa likakonda. Kupiga kwa nyama ya kidole badala ya piki (kile kiplastiki cha kukwanyulia nyuzi) kumeleta joto ninalolitaka, lakini sauti ni ndogo mno, nikiipandisha naletewa mvumo wa chumba.

Nyuzi ni mpya, shaba ya 80/20 (shaba asilimia 80, zinki 20), ambazo najua huwa na sauti kali inayong'aa. Je, nihamie nyuzi za fosfa bronzi (shaba yenye bati na fosforasi kidogo, sauti yake ni ya joto zaidi), au nizipige hizi siku kadhaa zilainike kwanza? Na kwa mpigaji wa vidole asiye na nguvu kama mimi, maiki niiweke wapi, umbali gani?