Unateteaje mtu kama huyo? Nauliza kuhusu Profesa Ogletree

FailiKwapani

Habari za jioni wakuu. Nitaandika ndefu kidogo mnisamehe. Niko kwa ofisi moja ya mawakili hapa tao, namalizia ile miezi sita ya mafunzo kabla ya kuapishwa, kazi yangu kubwa sai ni kubeba mafaili na kusimama nyuma ya mkubwa wangu kortini. Sasa wiki mbili zimepita mkubwa alikubali kutetea kijana mmoja wa wizi wa kimabavu, hana pesa hata ya chai, mamake ndiye alikuja ofisini akakaa pale mapokezi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane na mkoba kwa magoti.

Siku ya korti kijana akatolewa seli na wenzake. Mshipi walichukua huko kituoni alikoshikwa na haukurudi, sasa alikuwa ameshika suruali na mkono wa kushoto isianguke, na hakimu akiita jina lake anatakiwa ainue mkono, akainua wa kulia, ile suruali ikateleza akaidaka na viwiko. Watu nyuma wakacheka. Mimi nilikuwa karibu kucheka pia, halafu nikakumbuka huyo mtu ameshtakiwa kitu gani.

Shida ndio hii. Mwaka jana binamu yangu alichomwa kisu stejini juu ya simu, na si hata simu ya maana, ya elfu nane tu. Alipona lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji mpaka leo, kufunga vifungo vya shati anasaidiwa na mamake, mtu wa miaka 26. Jumapili tulikuwa kwao, shangazi akasikia kesi ambayo tunashughulikia, akaniangalia tu, akasema "kwa hivyo ndio ulisomea hiyo?" Akabeba sahani yake akaenda kukulia jikoni.

Mwalimu wetu mmoja aliwahi kututajia profesa wa Harvard, Charles Ogletree, yule aliyemfundisha Obama, kwamba dadake aliuawa na yeye akaendelea kutetea washukiwa wa mauaji. Ni kweli ama ni hadithi za darasani? Aliishi vipi na hiyo kitu? Na wenye mmekaa kwa hii kazi mnafanyaje?

WakiliWaKona

Dada pole sana kwa binamu, na pole pia kwa ile sahani kwenda jikoni, hiyo inauma kuliko matusi.

Ni kweli, si hadithi. Lakini wacha nianze mbali kidogo ndio umwelewe. Ogletree alizaliwa 1952 huko Merced, California, mji wa mashamba, na watu wake walikuwa vibarua wa kuchuma matunda na pamba, si watoto wa majaji. Alipenda kuvua samaki tangu mdogo, na hata akiwa profesa mkubwa bado unamsikia akiongea samaki. Akaingia Stanford mwanzo wa miaka ya 70, na 1972 kulikuwa na kesi ya Angela Davis, yule mwanaharakati Mweusi aliyeshtakiwa mauaji, pale San Jose, si mbali na chuo, akawa anaenda kuketi kortini kuifuata. Davis aliachiliwa na baraza la wazee wa korti, sasa fikiria kijana Mweusi wa miaka 19 ameona hiyo kwa macho yake. Akaenda Harvard kusoma sheria, akamaliza 1978.

Hapa ndio napendea huyu mzee. Na digrii ya Harvard angeingia kampuni kubwa anunue nyumba mapema. Yeye akaenda Washington kwa ofisi ya mawakili wa umma, wale wanalipwa na serikali kutetea mtu asiye na kitu. Marekani hiyo haki ilikazwa 1963 na kesi ya Gideon, mfungwa wa Florida aliyeandikia Mahakama ya Juu ombi lake kwa penseli akiwa gerezani, akashinda, kesi ikarudiwa akiwa na wakili na akaachiliwa huru. Huko Washington Ogletree alikaa miaka, kesi za mauaji, ubakaji, zile mwenye anazo hazigusi, akapanda mpaka akawa naibu mkurugenzi.

Sasa 1982 akiwa katikati ya hiyo kazi, dadake Barbara, ambaye alikuwa polisi kwao Merced, akauawa. Polisi, elewa. Familia moja, huyu anashika, huyu anatetea. Na aliyemuua hakupatikana.

Hakuacha. Baadaye, 1993, aliandika makala ndefu kwa jarida la sheria la Harvard, na ndani yake akaileta hiyo habari ya dadake waziwazi, venye kile kifo kilimlazimisha ajiulize upya anafanya nini kwa hii kazi. Ile kauli tunapendaga kujibu watu, ati "Katiba inasema kila mtu ana haki ya wakili", alisema ni kweli lakini haitoshi kumshikilia mtu kwa kazi miaka kumi. Inakujibia shangazi mezani, haikuamshi asubuhi. Vilivyomshikilia yeye alitaja viwili: kwanza kumwona mteja kama mtu mwenye maisha yake, si namba ya faili, na pili ile raha ya kupigana na serikali nzima ukiwa peke yako, alisema bila aibu kwamba kuna ushujaa anausikia ndani yake. Mimi niko kwa korti miaka 14 na ukiniuliza ya pili ni kweli kuliko ya kwanza, ni vile tu hatupendi kukubali.

SioMchezo254

Sawa lakini msimfanye malaika. Huyo huyo alikuwa wakili wa Tupac, na Profesa Gates, mwenzake wa Harvard, aliposhikwa na polisi mlangoni kwake 2009 wakili alikuwa nani? Yeye. Hao si maskini wa mashamba. Na 2004 alitoa kitabu cha miaka 50 ya kesi ya Brown, ile iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi shuleni Marekani, watu wakagundua aya sita zimenyanyuliwa neno kwa neno kutoka kwa kitabu cha profesa mwingine, Balkin wa Yale. Mwanafunzi akifanya hivyo anafukuzwa, profesa akisema ni makosa ya wasaidizi na samahani anabaki na kiti. Nyinyi mawakili mnateteana sana.

WakiliWaKona

Hiyo ya aya sita siwezi kuitetea na ni mimi wakili 😂 Aliomba msamaha hadharani, lakini ni doa, na umesema ukweli, mwanafunzi hangesamehewa.

Ya Tupac nakataa. Wakili akishatetea watu mia bila pesa ndio mwenye pesa anamtafuta, hata hapa Nairobi ni hivyo, jina linatengenezwa kwa korti za chini. Na si kila kesi kubwa ilimpa faida. Oktoba 1991 Anita Hill alipoitwa mbele ya Seneti kueleza venye alisema bosi wake wa zamani Clarence Thomas, aliyependekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, alimsumbua kimapenzi, Ogletree ndiye alikaa kando yake kama wakili, na wakati huo Harvard hawakuwa bado wamempa ajira ya kudumu, angeweza kuharibu kila kitu. Thomas alipita 52 kwa 48, ako kwa kile kiti mpaka leo. Ogletree akapata yake ya kudumu 1993. Na kitu nyingine, pale chuoni alianzisha darasa la Jumamosi, lilianza kwa wanafunzi Weusi waliojiona wageni pale, baadaye likawa la wote. Barack na Michelle wote walipita mikononi mwake. Sisi Jumamosi tulikuwa tunafua.

Guka_wa_Kaloleni

Vijana hamjambo. Mimi si wakili, nilikuwa karani tu, lakini hii mazungumzo imenigusa mahali.

Mnaongea juu ya Marekani na mnapita Argwings Kodhek Road kila siku mkienda Hurlingham na hamjui huyo alikuwa nani. Huyo ndiye alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanya uwakili hapa Kenya, na wakati wa Hali ya Hatari alitetea watu walioshtakiwa kuwa Mau Mau, wakati ambao kupatikana na risasi moja kwa mfuko ni kamba. Zaidi ya watu elfu moja walinyongwa miaka hiyo. Fikirieni walikuwa wanamwita nani huko kwa magazeti ya wazungu. Hakuna aliyemuuliza "unateteaje mtu kama huyo" kwa upole kama shangazi yako.

Tena huyo Ogletree wenu, sijaona mtu ametaja Tulsa. Mwaka wa 1921 wazungu walichoma mtaa mzima wa Weusi unaitwa Greenwood, wakaua watu. Ogletree na wenzake walikusanya wazee walionusurika, wengine wamepita miaka 90, wakaenda kortini 2003 kudai fidia. Korti ikasema mmechelewa, muda wa kushtaki uliisha zamani. Mahakama ya Juu 2005 ikakataa hata kuwasikiliza. Nilipoisoma hiyo nilikumbuka wazee wetu walioenda London kushtaki serikali ya Uingereza juu ya mateso ya kambini. Uingereza pia walisema mmechelewa. Lakini jaji mwaka wa 2012 akasema hapana, kesi iendelee, karatasi ziko, mashahidi wako. Mwaka uliofuata serikali yao ikakubali kulipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Kundi lingine la watu elfu arobaini likaenda baadaye, 2018 likaambiwa lile lile, mmechelewa. Uchungu ni mmoja, saa ya ukutani ndio inaamua nani anasikizwa. Sasa wakili anayechukua kesi kama hiyo akijua itaanguka, huyo anatafuta pesa gani?

MamaTwins_Umoja

Mimi nitaongea upande wa shangazi kwa sababu hakuna anayemwongelea. Mtoto wangu aliibiwa kwa kisu, kesi ikaenda miaka mitatu, kila tukienda inaahirishwa, leo faili haionekani, kesho polisi shahidi amehamishwa. Mwishowe mshtakiwa akaachiliwa. Nilimchukia wakili wake kabisa, yule kijana wa suti ya bluu. Ni juzi tu mume wangu aliniambia, yule wa suti kila siku alikuwa pale saa tatu, wenye hawakuwa wanakuja ni wetu. Sijui kama nimemsamehe. Lakini usimwambie shangazi habari za Katiba, aki, mwambie tu pole na umfunge binamu vifungo.

FailiKwapani

Nimesoma zote mara mbili, asanteni. Guka hiyo ya Argwings Kodhek nimeona aibu, napita hiyo barabara kila siku na matatu na nilidhani ni jina la kampuni.

Mama Twins nilienda jana. Shangazi hakuongea mengi lakini alinipa chai, na alinipea ile kikombe ya wageni, sijui hiyo ni nzuri ama mbaya. Binamu ndiye aliniuliza, huyo kijana wenu ni yeye alifanya? Nikasema sijui. Kweli sijui, utambulisho wenyewe ulifanywa usiku, shahidi ni mmoja, stima ilikuwa imepotea. Akasema "basi si muulize vizuri, mimi nikiwa pale stejini sikuona sura."

Na huyo Ogletree, bado ako hai?

WakiliWaKona

Alifariki Agosti 2023, miaka 70. 2016 alikuwa ametangaza ana ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kusahau, mtu aliyekuwa anahoji mashahidi bila karatasi. Mwaka huo huo wa kifo chake, miezi michache kabla, kwao Merced korti ilipewa jina lake. Mji ule ule dadake aliuawa.

Sasa rudi kwa kazi. Shahidi mmoja, usiku, stima hakuna: hiyo ndio kesi yenu yote. Mwambie mkubwa wako akomalie mwanga, ulitoka wapi, umbali gani, dakika ngapi, na kama shahidi alipoenda kuripoti mara ya kwanza alitoa maelezo ya sura kabla ya gwaride la utambulisho ama baada. Omba nakala ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, si ya kuambiwa, uione.

FailiKwapani

Nimeandika. Kesi ni Alhamisi. Nilikuwa nataka nimpelekee mshipi huko rimandi, wataruhusu?

WakiliWaKona

Mshipi hawakubali, watasema atajinyonga. Pitia Gikomba umnunulie suruali ya lastiki, ya rangi ya giza isikae ya michezo. Mpe mamake ndiye apeleke.