Barabara ya mtaa Mwanza: ofisi ikikaa kimya, malalamiko yanakwenda wapi?

Mkazi_Mlimani
Wakuu, naomba utaratibu. Barabara ya mtaa kwenye mteremko, upana kama mita 5, moramu yote imesombwa na mvua, mawe yako nje, bajaji haipandi. Barua ya mtaa ilishapelekwa, kimya. Je, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko ya barabara? Inataka tuende na nini?

Karani_wa_Kata
Inapokea, ila si kwa namna wengi wanavyoandika. Tume haina greda wala fungu la moramu, na haipangi mtaa upi utengenezwe kwanza. Inachunguza utawala: barua isiyojibiwa, ahadi ya maandishi iliyoachwa, mtaa kurukwa kila mwaka bila sababu. Ukiandika "barabara yetu ni mbovu" hujawapa cha kuchunguza. Andika: tarehe fulani tuliwasilisha, ikapokelewa kwa muhuri, tarehe fulani tukakumbusha, hadi leo hatujajibiwa.

Kwanza hakikisha barua ilikwenda kwa mwenye barabara. Hapa ndipo malalamiko mengi yanapofia. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaa na vijijini, tangu Julai 2017, ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Iwe upo Nyamagana au Ilemela, ukiiacha barua masjala ya halmashauri peke yake, unahesabu siku kwenye ofisi isiyo na barabara hiyo. Iandike kwa Meneja wa TARURA wa Wilaya, nakala kwa mkurugenzi, diwani na mtendaji wa kata. Akinyamaza, panda kwa Meneja wa Mkoa. Beba nakala ya ziada igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Bila huo muhuri huna cha kuonyesha kwamba walikaa kimya.

Humo humo omba taarifa kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: barabara imo kwenye mpango wa matengenezo wa mwaka huu wa fedha? Mkandarasi nani, kwa kiasi gani, na kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kinaisha lini? Sheria inawapa siku 30 kujibu. Zikipita, hoja yako Tume inakuwa na miguu.

Kulalamika ni bure, kwa mdomo au maandishi, na Tume ina ofisi hapa Mwanza.

Fundi_Kalavati
Naongeza upande wa picha, maana watu hupiga shimo tu. Shimo ni matokeo. Piga mdomo wa kalavati upande maji yanakoingia. Kwenye vilima vyetu huwa umejaa mchanga na mawe, maji yanaruka juu na kukata barabara. Piga mtaro ulioziba. Kisha pima mgongo wa barabara: vuta kamba iliyonyooka toka katikati hadi ukingoni, uiweke sawa kwa pima maji. Barabara ya moramu inatakiwa ishuke sentimita 4 hadi 6 kwa kila mita 1 kwenda pembeni. Ikiwa katikati kumebonyea kuliko pembeni, maji yanatembea barabarani badala ya mtaroni, na moramu mpya itaondoka mvua za vuli zikianza tu. Weka futi ya kupimia ndani ya picha, na uandike umbali: "mita 120 kutoka njia panda ya shule."

Kama mteremko ni mkali sana, msiombe moramu tena. Ombeni mawe ya kupanga na mtaro wa kujengea. Mawe Mwanza hayatafutwi mbali.

Mkazi_Mlimani
Nimeelewa. Kuna aliyeumia kwa bodaboda hapo, anataka kwenda mahakamani. Je, tuunganishe?

Karani_wa_Kata
Hapana, tenganisheni. Shauri likishakuwa mahakamani Tume hailichunguzi, hivyo malalamiko ya mtaa yasimame yenyewe. Yeye aone wakili mapema. Kuishtaki Serikali kunahitaji notisi ya siku 90.

Mdau_Nyakato
Na mkigundua kazi imelipwa lakini haikufanyika, hiyo ni ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, simu 113. Wapelekeeni majibu ya ile barua ya taarifa pamoja na picha zenye vipimo, wapate kulinganisha kilicholipiwa na kilichopo barabarani.