Kesi ya wengi: mpaka kila mtu asaini, au wote tumo mpaka ukatae?

Wadau tubishane kidogo. Msimu uliopita huku Hombolo tulinunua mbegu ya alizeti kwenye duka moja la pembejeo, mimi pakiti mbili, elfu sabini, mvua ikaja vizuri tu ila shamba likaota mche hapa mche kule kama kichwa cha mwenye mashilingi. Kuulizana tukajikuta watu arobaini na kitu. Sasa nani aende mahakamani peke yake kwa elfu sabini? Nauli tu ya kwenda na kurudi mjini inaimaliza kabla hujaitwa jina.

Kuna wanaosema Tanzania hakuna kesi za pamoja kama Marekani. Si kweli, zipo, someni Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya 1 kanuni ya 8. Wachache wanashtaki kwa niaba ya wengi wenye dai moja, ila kwanza muombe kibali, halafu wenzenu wote wapewe taarifa, ikibidi kwa tangazo, na gharama ya hiyo taarifa ni ya nyie mnaodai (hapo ndo pagumu). Na mahakama inataka ijue hao watu wapo kweli na wamewatuma, msije mkadai kwa jina la marehemu. Ndo maana inataka muhtasari wa kikao mlichowachagulia na sahihi zenu.

Marekani, tangu kanuni ya 23 ya mashauri ya madai kwenye mahakama zao za shirikisho irekebishwe 1966, kesi ya fidia ikishakubaliwa kuwa ya kundi wote mmo mpaka ujitoe mwenyewe, na wakili mara nyingi anakula asilimia ya kitakachopatikana. Bro mmoja kijiweni ananiambia huko wakili anaondoka na mamilioni we unaachiwa vocha ya dukani. Inatokea, sikatai. Ila jaji ndo anapitisha hayo malipo, na mwenye duka anakuwa ameshaumia.

Mi nasema kwa madai madogo tuige hiyo. Kwetu karatasi ilizunguka wiki mbili wakasaini kumi na moja, wengine eti tukishindwa tutadaiwa gharama, ikafia hapo. Na niseme ukweli, mimi pia sikusaini, nilisema ngoja waanze wenzangu. Ingekuwa mpaka ukatae, nani angetoka nyumbani kwenda kukataa?

Mnaotaka ibaki ilivyo njooni na hoja. Pakiti zangu bado nimezichomeka darini.